Kumshikia Kamba Baba Mkwe

Nasikia mmeanza mazoezi. Aliyeniambia ni Bupe, mjukuu wangu, ambaye ni mmoja wenu. Anasema mnaning'inia kwenye boriti za banda la kakao asubuhi, mnaning'inia tena jioni, na Jumapili mkitoka kanisani mnaning'inia. Alikuwa anajisifu. Mimi ugali ulinishinda pale pale, nikasukuma sahani. Akacheka, akasema, "Bibi na wewe! Kazi umestaafu, hofu hujastaafu?"

Sijastaafu hofu, na sina mpango huo. Miaka yote niliyofanya kazi ya maji nilikuwa naogopa, na wote niliowashikia kamba walirudi nyumbani kula. Sasa mmechaguliwa ninyi. Mvua zikikatika mtapanda mwamba. Kwa hiyo kaeni mnisikilize. Anayetaka kuchezea simu atoke nje akachezee huko.

Ninyi mliotoka Talatala na Ngana kuja kuungana na wenzenu, mwamba wenyewe hamjausogelea bado, ngoja nianze na huo. Maji yetu yanatoka kwenye tundu lililo katikati ya jabali, milimani huko juu ya kijiji, upande wa Matema, panapotazama ziwa. Waliojenga mradi walipigilia pete za chuma kwenye jiwe, wakateremsha bomba, wakafunga chujio mdomoni mwa tundu, wakapiga picha, wakaondoka zao. Kila masika majani na mchanga vinaziba chujio, na masika ya huku mnayajua, yakija yanahamia. Kwa juu hakufikiki, ni nyasi zinazoteleza mpaka ukingoni. Lazima mtu apande kutoka chini. Nilipoolewa, aliyekuwa anapanda ni baba mkwe wangu.

Jina lake sitalitaja. Limeandikwa msalabani kwake, nendeni mkalisome wenyewe.

Mnacheka. Ninyi siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu, mkono begani, mnazirusha mtandaoni. Sisi, mwe! Mkamwana hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, hakai naye chumba kimoja. Nikimwona anakuja njiani, naingia migombani, nachuchumaa, najifunika kanga mpaka apite. Yeye naye kabla hajazunguka nyumba anakohoa, ili kama nipo nikimbie. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na ilikuwa imeniingia mwilini, kiasi kwamba nikisikia kile kikohozi miguu inaondoka yenyewe, nikiwa nimeshika sufuria au sijashika.

Sasa huyu mzee alikuwa anapanda jabali peku, bila kamba, kwa mazoea yake ya kupanda michikichi. Masika moja akateleza, akaangukia kichakani, akavunjika mbavu. Alipopona akamwambia mama mkwe kwamba kupanda kienyeji basi, anataka kujifunza kama wanavyojifunza wenye kazi hiyo. Alimwambia mkewe, lakini sauti ilinifikia jikoni, na ilinitisha, maana sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema anaogopa.

Mimi kwetu ni Njisi, mpakani na Malawi. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka mto, shangazi zangu wako ng'ambo, Karonga, na shule ya msingi nilisomea huko, kwa hiyo Kiingereza nilikuwa nakisoma. Kaka yangu akiwa Karonga akaona kwenye rundo la mitumba, katikati ya sketi, kitabu chenye picha ya mtu aliyeng'ang'ania jiwe. Akaniletea kwa utani. "Mpe mkweo," akasema. Kumpa! Nilikiweka juu ya kinu, mama mkwe akakichukua, akampelekea. Baba mkwe akatazama picha zote, akakirudisha kwa njia ile ile na ujumbe: anayejua kusoma asome.

Ndivyo tulivyoanza. Mimi nakaa jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi. Baba mkwe anakaa nje, kaupa ukuta mgongo. Mama mkwe anakaa mlangoni, katikati yetu. Nasoma Kiingereza, nakigeuza Kiswahili, mama mkwe anakipeleka nje kwa Kinyakyusa, na akikipeleka anakitia chumvi. Nikisema, "Kitabu kinasema usivute kwa mikono, sukuma kwa miguu," nasikia nje inapelekwa hotuba ndefu, humo humo imo na habari ya mbuzi aliyekula mihogo ya jirani. Halafu baba mkwe anajibu, "Mm." Basi, somo limekwisha.

Tulikosea sana. Sehemu kubwa ya kitabu haikuwa mazoezi, ilikuwa inaeleza njia za kupanda milima ya Mulanje, kusini kabisa mwa Malawi. Anzia kwenye ufa, panda hadi kwenye mwerezi, pinda kushoto. Sisi hatukujua. Tulidhani miamba yote duniani imepangwa hivyo. Baba mkwe akaenda jabalini akatafuta mwerezi mpaka jua likamchoma kichwa, akarudi kanuna, akamwambia mama mkwe, "Mwambie msomaji wako mwerezi wenyewe haupo." Nami nikajibu kupitia mlango ule ule kwamba labda umekatwa. Tulipoteza wakati mwingi kwa ajili ya mti ule. Kwa hiyo mkipata kitabu, tazameni kwanza kinazungumzia mlima gani, halafu nendeni kwenye sura za nyuma. Mazoezi hukaa nyuma.

Kitabu kilisema wapandaji hupaka mikono unga mweupe ili jasho lisiwatelezeshe. Unga mweupe tuliokuwa nao ni wa muhogo. Mama mkwe akampaka vizuri, akapanda hatua kidogo tu, jasho likaingia, viganja vikawa ugali. Gwakisa, mume wangu, alicheka mpaka akakaa chini. Tukahamia majivu ya jikoni yaliyochekechwa, na hayo yalifaa. Mpaka leo nawaambia majivu yanafaa, hata kama mmeletewa hiyo mifuko yenu ya rangi rangi.

Zoezi lililotusaidia kuliko yote lilikuwa la ukuta mfupi. Tafuta ukuta wa mawe, kitabu kilisema, usipande juu, tembea kwa ubavu, kwa vidole na ncha za miguu, mpaka mikono ijae, kisha shuka. Ukuta wa mawe kijijini ulikuwa mmoja, msingi wa kanisa. Basi kila jioni mzee wa kanisa mzima, mwenye mvi zake, anatambaa ukutani mwa kanisa. Mchungaji akaja nyumbani kuuliza kwa upole kama kuna tatizo. Mama mkwe akamjibu, "Ni maji, mchungaji." Mchungaji akafikiri, akasema kama ni maji aendelee, ila asiguse madirisha.

Mimi nilikuwa nakaa upande wa pili wa kona ya kanisa, nasikiliza. Kitabu kilisema mguu uwekwe mara moja tu na usisikike, kwa sababu mguu unaokwaruza ni mguu ambao mwenyewe hakuutazama. Nikisikia krrr, namwambia mama mkwe, "Arudie hapo." Ukiwekwa kimya, nanyamaza. Nilimfundisha yule mzee kupanda kwa kusikia nyayo zake tu, na nilizijua kuliko sauti yake. Ninyi jaribuni hilo. Fumbeni macho mmsikilize mwenzenu anavyopanda, mtajua amechoka kabla hajasema.

Sasa nifike kwenye kupumzika, ndiko roho yangu inakokimbilia. Kitabu kilisema vidole havipati nguvu siku ya kuning'inia, vinapata siku ya kukaa. Nyama inakua upesi, lakini kano za ndani zinakua polepole sana, na mtu anayening'inia kila siku anajisikia shujaa mpaka siku kano itakapomkatalia. Siku moja fanya, siku inayofuata acha, na kidole kikiuma acha mpaka kipone. Nililisoma hilo taratibu, nikalirudia. Mama mkwe akapeleka nje sentensi fupi, fupi kupita zote alizowahi kupeleka. Baba mkwe akajibu, "Mm." Mimi nikafunga kitabu, nikaenda kupepeta mchele, moyo wangu umetulia.

Kamba tuliipata kwa wafadhili, kamba ya kweli, ile inayovutika kidogo, pamoja na kulabu za kuinasia kwenye pete. Mshika kamba akawa Gwakisa. Mtindo wetu ulikuwa wa kizamani: kamba inazunguka kiuno, mkono mmoja unaifuata, mkono wa pili ndio breki na hauachii hata nyuki akikuuma, na macho hayamtoki anayepanda. Kitabu kilisema usimshikie mtu kamba kabla hujazoea kushika mzigo unaoanguka. Tukapitisha kamba kwenye tawi, tukafunga gunia la mpunga, tukawa tunaliangusha. Gwakisa alitaka nianze mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma. Gunia likaanguka, mimi nikapaa. Nilibaki naning'inia juu, kanga iko chini, mama mkwe anapiga kelele nifunikwe. Lakini sikuachia. Nikajifunza kukaa chini, miguu imekanyaga jiwe, na baada ya siku nyingi gunia likawa halininyanyui tena.

Kuna masika Gwakisa alikuwa mjini Kyela kuuza kakao, kamba akaishika jirani mmoja. Jina lake nalisitiri, wajukuu zake mmo humu. Baba mkwe akiwa juu akatazama chini, akaona moshi. Jirani anawasha sigara, kamba kaibana kwapani! Mzee akashuka mwenyewe kimya kimya, akafungua fundo, akaenda zake. Jioni akasema, "Kuanzia leo kamba yangu itashikwa na mwanangu, au haishikwi."

Halafu Gwakisa akavunjika mguu. Pikipiki ilimwangukia kwenye tope la njia ya Ipinda, katikati ya masika, na wiki hiyo hiyo bomba likakauka. Watu wakarudi mtoni kuteka yale maji ya udongo. Kuhara na kutapika kukaanza vijiji vya chini, muuguzi akapita na kipaza sauti akisema tuchemshe maji, na kuni zote zimelowa. Nilikuwa na mtoto mgongoni, baba yake Bupe huyo, na kila alipokohoa nilimgusa shavu.

Mama mkwe akaja jikoni. Hakukaa. "Mzee anapanda kesho," akasema.

"Nani anamshikia?"

Akalitazama jiko. "Alisema mwanangu au haishikwi. Na wewe ni mwana wa nyumba hii."

Nililia, sioni aibu kuwaambia. "Mama, siwezi. Mshika kamba lazima amtazame anayepanda. Ndiyo sheria ya kwanza ya kitabu. Mimi nitamtazamaje?"

"Hutamtazama. Nitamtazama mimi. Wewe utashika, mimi nitakusimulia."

Nikakubali. Watu wote wenye mikono walikuwa hawajui kamba, na aliyeijua alikuwa kalala na mguu umefungwa mbao.

Asubuhi nikakaa nyuma ya jiwe kubwa chini ya jabali, uso nimeuelekeza ziwani, kanga kichwani, kamba imenizunguka kiuno inapita juu ya bega la jiwe kwenda kwake. Mama mkwe akasimama juu ya lile jiwe. Akina mama walikuwa wamekuja na ndoo zao, wamekaa mbali kidogo, hakuna anayeongea. Kitabu kilisema kabla ya kupanda watu wawili hukaguana mafundo. Nikamwuliza mama mkwe, "Fundo limefungwa?"

"Limefungwa."

"Limefungwaje?"

"Limefungwa, mwanangu. Fundo ni fundo."

Mikono ilianza kunitoka jasho pale pale. Nikapaka majivu, yakageuka tope, nikapaka tena.

Akaanza kupanda. Nilizisikia nyayo zake, kimya, moja, nyingine, kimya. Mama mkwe ananisimulia: "Kafika pete ya kwanza. Kapitisha kamba. Anaendelea. Kashika. Kafika ya pili." Maneno yake yalikuwa yanachelewa. Anasema kafika, na kamba mkononi mwangu imeshaniambia zamani kwamba kapita. Nikajisemea, huyu akianguka, mimi nitaambiwa wakati kashafika chini. Lakini nyayo zilikuwa kimya, na nikashikilia hilo.

Baada ya pete ya tatu nikasikia krrr.

"Mama, mbona mguu unakwaruza?"

"Anapumzisha mkono."

"Mkono gani?"

"Wa kulia. Wenye kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Alichofunga kidoleni. Kile kidole cha kati kimevimba tangu mavuno. Anasema kitazoea."

"Mama! Si nilisoma kwamba kidole kikiuma apumzike? Si nilisema siku moja afanye, nyingine aache?"

"Ningemwambiaje?" Sauti yake ilikuwa imepanda, nusu ya kulia. "Mkamwana atume neno kwa mkwewe, kwamba kaa upumzike, katikati ya mavuno ya mpunga? Watu wangesema umemwita mvivu. Wangesema unamwona kachakaa. Nilikusitiri, mwanangu! Nikamwambia kitabu kinasema aongeze bidii."

Tangu mavuno! Mzee alikuwa ananing'inia kila siku, asubuhi na jioni, juu ya kidole kibovu, akidhani ndicho nilichomwagiza. Juu kukakwaruza tena, mara mbili, haraka haraka.

"Anafanya nini, mama?"

Kimya.

"Mama! Anafanya nini?"

"Kyala," nikamsikia anasema. "Kyala, Kyala." Alikuwa anamwita Mungu, na kwa jinsi sauti ilivyokuwa imezibwa nikajua kafunika uso kwa viganja. Hakuna mtu aliyekuwa anamtazama yule mzee. Akina mama wa ndoo nao walikuwa wameinamisha vichwa.

Nikageuka.

Alikuwa juu sana kuliko nilivyodhani. Amepita pete ya tatu, kiuno kiko juu yake, hajaifikia ya nne. Mkono wa kulia kaujaza kwenye ufa, goti la kushoto linatetemeka, na alikuwa anatazama chini, anatafuta pale Gwakisa anaposimama siku zote. Hapakuwa na mtu pale. Ndipo macho yake yakanikuta mimi. Nilikuwa nimeishi kwenye nyumba yake, nimemzalia mjukuu, na nilikuwa sijawahi kuuona uso wake wote kwa pamoja. Mnajua nilifikiri nini, wakati kama ule? Kwamba pua ya mume wangu imetoka pale. Akili ya mtu mwenye hofu haina adabu.

"Baba!" nikapiga kelele. "Achia mkono wa kulia! Mguu wa kushoto, kuna ukingo usawa wa goti! Panda kwa mguu!"

Nikamwona anashtuka. Mkamwana anamwita, anamwamuru, mbele ya watu! Lakini mguu ukanisikia kabla yake, ukatafuta, ukakanyaga ukingo. Akaanza kusukuma. Angefika. Ila mkono wa kulia ulikuwa haujatoka ufani, alikuwa bado anautegemea, na kidole kikakataa.

Akaanguka. Kamba ikanibana kiuno, ikanibamiza kwenye jiwe, magoti yakachubuka, kiganja kikawaka moto. Kwa kuwa nilikuwa namtazama, nilikuwa nimeshajikaza kabla hajafika mwisho wa kamba. Sikuachia. Nilipofumbua kinywa kuvuta pumzi, alikuwa ananing'inia chini ya pete ya tatu, anazunguka polepole, kichwa kiko juu, mzima.

Mtoto mmoja alikuwa analia huko kwenye ndoo. Kanga yangu ilikuwa imeanguka, kichwa wazi, macho yangu yako kwa baba mkwe na watu wote wanaona. Aibu ikanipanda kutoka miguuni. Nikaanza kugeuza shingo.

"Usigeuke," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu niolewe.

"Nitazame hivyo hivyo," akasema tena. "Niambie."

Basi nikamwambia. Kaa hapo kwanza, vuta pumzi. Ushushe mkono chini, utikise. Kitambaa kikaze. Kidole hicho usiguse nacho mwamba tena leo. Mguu pale, sasa ule mwingine, tulia, tulia kwanza, mkono wa kushoto, vizuri. Nilikuwa naongea, sikumbuki nilitoa wapi maneno, nusu ya kitabu na nusu yangu. Akafika pete ya nne. Akafika tunduni, akatoa majani na tope kwa mkono wa kushoto, na bomba likaanza kugonga gonga kama kawaida yake, halafu likanguruma. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga. Kibano cha juu kinacholiunganisha bomba na chujio kilikuwa kimelegea, akakifunga kwa waya ili siku nyingine kirekebishwe vizuri, na bado alikuwa hajashuka.

Miguu yake ilipogusa ardhi, mimi nilikuwa nimeshaingia kichakani, nimechuchumaa, kanga kichwani. Akakohoa alipokuwa anapita.

Maneno yalizunguka, mnajua watu. Wengine walisema nimeokoa mzee, wengine wakasema nimemvua nguo. Dada zake mama mkwe walikuja wakakaa siku nzima bila kunijibu salamu. Kwetu Njisi walipopata habari wakaanza kujiandaa kuitwa, maana kosa la binti hurudi kwa baba yake. Nilikonda. Gwakisa akawa ananiambia, kula, kwani umemwua? Nami namjibu, kumwua ndiko kulikokuwa kumebaki.

Kumbe baba mkwe alitangulia yeye. Alikwenda Njisi na mtamba wa ng'ombe, akakaa uani kwa baba yangu, akasema, "Nimekuja kuomba binti yenu aruhusiwe kunitazama nikiwa mwambani. Nyumbani tutaendelea kama zamani." Baba yangu alisema mzee aliongea akiwa ameinamisha macho, na alirudia mara mbili. Wakachinja kuku, wakala, yakaisha. Mama mkwe aliposikia akaja jikoni, akaniwekea kitabu mapajani. "Kuanzia leo maneno ya humu yapeleke mwenyewe," akasema. "Mimi nilikuwa naogopa kuliko ninyi wawili." Nikamwambia ndaga fijo, asante sana, mama, na tukalia kidogo, halafu tukacheka habari za yule mbuzi na mihogo.

Mvua zilipokatika, kibano kikawa lazima kifungwe. Waya ulikuwa unaachia, maji yanavuja njiani, mabomba ya chini yanatoa matone. Siku ikapangwa. Mwenyekiti wa kijiji akaja, mchungaji akaja, watu walikuwa wamepika wali na samaki kabisa, ndoo zimepangwa mstari. Nikasimama mahali pa mshika kamba, mahali pa Gwakisa, waziwazi. Gwakisa mwenyewe alikuwa kakaa pembeni na gongo lake.

Baba mkwe akaja na kamba, ameshafunga fundo. Nikakisikia kile kikohozi chake na miguu ikataka kukimbia, nikaikataza. Akasimama mbele yangu, karibu. Akanyoosha mikono yote miwili, akanionyesha migongo ya viganja, kisha akaigeuza.

Sikuigusa. Niliitazama. Kidole cha kati cha kulia kilikuwa kimenywea, lakini kifundo kilikuwa bado kinene. "Kunja," nikasema. Akakunja. Vingine vyote vilifunga, hicho kikabaki nusu njia.

"Haya, tuanze," mwenyekiti akasema nyuma yangu. "Jua linapanda, na watu wanasubiri maji."

Nilizitazama zile ndoo. Nilimtazama mchungaji, na wale dada zake mama mkwe, waliokuwa wamekaa mstari wa mbele.

"Leo hupandi, baba," nikasema.

Mama mkwe akashika mdomo. Nilingoja baba mkwe anikaripie, na ningekuwa na haki gani ya kujibu, mbele ya kijiji kizima? Yeye akautazama mwamba muda mrefu, kisha akanitazama mimi, machoni, bila haraka. Akainamisha kichwa, akaanza kulifungua fundo. Lilimsumbua kwa sababu ya kidole kile, lakini hakuomba msaada. Akaikunja kamba, akaiweka begani, akawageukia watu.

"Mmesikia," akawaambia, na akaenda nyumbani kulala.